Wito kwa Kaya za Gitega na Muyinga: Tuzitunze Dawa Zinazotuponya

Nyumbani kwako leo kuna kidonge kilichobaki? Kile cha rangi mbili, kilichowekwa juu ya kabati au kufungwa kwenye pindo la kitenge mtoto alipopata nafuu?

Naamini kipo katika nyumba nyingi, kuanzia mitaa ya Gitega na vilima vyake hadi Muyinga, Gasorwe na Kobero mpakani. Kimewekwa kwa nia njema. Mzazi anayekihifadhi anawaza usiku ule ambao mtoto ataamka na homa, mvua inanyesha, na kituo cha afya kiko ng'ambo ya kilima. Nani hajawahi kuwaza hivyo?

Nataka tuzungumze kama watu wa nyumba moja kuhusu kidonge hicho, na kuhusu kipande cha sabuni kilicho kando ya bidoni la maji. Kila kimoja kina kazi yake, na vyote viwili vinahusu jambo ambalo wanasayansi wanalishughulikia sana siku hizi: namna ya kuwaua bakteria kwa kuharibu utando wao.

Tuanze na utando wenyewe. Bakteria ni kiumbe cha seli moja tu. Maji yake, chumvi zake na nguvu zake zote zimo ndani ya utando wa mafuta ulio mwembamba mno: ukizipanga tando kama 200,000 moja juu ya nyingine, ndipo unapata unene wa milimita moja. Utando huo ni kama ua uliozungushiwa nyumba yetu ya kijijini. Wa kuingia anapitia langoni, wa kutoka anapitia langoni, na mali ya nyumba inabaki ndani. Ua ukibomoka, hakuna tena nyumba ya kulinda.

Dawa nyingi tunazozijua hazigusi ua huo. Doksisaiklini hupenya ndani na kumzuia bakteria asitengeneze protini. Siprofloksasini humzuia asinakili urithi wake. Amoksisilini hudhoofisha ukuta mgumu ulio nje ya utando. Ni dawa nzuri, zimeokoa watoto wetu wengi. Lakini kila moja inalenga mahali pamoja, na bakteria akibadilika kidogo mahali hapo, au akipata pampu ya kuitoa dawa nje, dawa inashindwa. Bakteria wengine hujigawa kila baada ya dakika 20 hali ikiwafaa. Katika uzazi wa kasi hiyo, atakosaje kuzaliwa mmoja aliyebadilika?

Kundi la dawa tunalolizungumzia hapa linafanya kazi kwa njia nyingine. Upande wa nje wa utando wa bakteria una chaji hasi ya umeme. Utando wa seli zetu sisi, kwa sehemu kubwa, hauna chaji hiyo kwa nje, na tena una kolesteroli inayouimarisha. Kwa hiyo dawa yenye chaji chanya inavutwa na bakteria kuliko na sisi. Inajibandika juu yake, inajipenyeza katikati ya mafuta, na utando unatoboka. Potasiamu inavuja nje, nguvu zinamwishia, naye anakufa, mara nyingi ndani ya dakika chache.

Unajua kwamba sehemu ya elimu hii ilitoka kwa chura wa Afrika? Mwaka 1987, daktari mtafiti wa Marekani, Michael Zasloff, alishangazwa na vyura aliokuwa akiwapasua kwa ajili ya utafiti. Aliwarudisha kwenye maji yasiyo safi, na bado vidonda vyao vilifunga bila usaha. Alipochunguza ngozi zao alikuta protini ndogo zinazotoboa tando za bakteria, akazipa jina la magainini. Chura huyo, Xenopus laevis, asili yake ni Afrika, na ndugu zake wa karibu wanaishi katika mabwawa na mito ya ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu. Mtoto akikuletea chura kutoka bwawani, mwambie habari hiyo, halafu amrudishe.

Mwili wa binadamu nao una silaha za namna hiyohiyo. Ngozi yetu na utumbo wetu hutengeneza protini ndogo zinazotoboa tando. Maziwa ya mama yana protini iitwayo laktoferini, ambayo hung'ang'ania utando wa nje wa bakteria na kuudhoofisha. Mama unayenyonyesha, unapompa mtoto maziwa yako peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, unampa kinga ambayo hakuna famasi inayoiuza. Na baba, shangazi, bibi wa nyumba: mama huyo anakula vya kutosha? Anapata muda wa kukaa chini anyonyeshe bila kuitwa huku na huku?

Sasa, dawa mpya za kundi hili ziko wapi? Nyingine si mpya. Kolistini ilianza kutumika hospitalini mwaka 1959, ikawekwa kando kwa sababu iliumiza figo, ikarudishwa dawa nyingine ziliposhindwa. Hapo unaona ugumu wa kazi hii: dawa inayopasua utando wa bakteria inaweza kuumiza na seli zetu pia. Daptomaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa mlima Ararat nchini Uturuki, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2020, watafiti wa chuo cha MIT walitumia kompyuta kuchambua maelfu ya kemikali, wakaipata moja waliyoiita halisini, inayovuruga umeme wa utando ambao bakteria anautegemea kupata nguvu. Agosti 2025 watafiti wa chuo hichohicho walitangaza kemikali nyingine zilizobuniwa na kompyuta tangu mwanzo, na mojawapo, inayoharibu utando, iliponya vidonda vya ngozi kwa panya.

Kwa panya, ndugu zangu. Toka panya hadi binadamu ni njia ndefu. Hata dawa iliyotengenezwa kwa kufuata magainini ya chura ilifikishwa mbele ya mamlaka ya dawa ya Marekani na mwaka 1999 ikakataliwa. Kwa kawaida dawa mpya huchukua miaka 10 hadi 15 kutoka maabara hadi kwa mgonjwa, na nyingi ya hizi ni za kuchomwa sindano hospitalini, chini ya uangalizi wa karibu. Nafurahi sana kwamba zinakuja. Lakini mtoto anayeugua leo Giteranyi au Bugendana atatibiwa kwa dawa zilizopo leo.

Je, tunajua inakuwaje dawa zilizopo zikishindwa? Sisi Burundi tunajua.

Mwaka 1979 kulizuka kaskazini mashariki mwa Zaire mlipuko wa kuhara damu, ugonjwa tunaouita macinya, uliosababishwa na bakteria wa Shigella. Ukaenea Rwanda, ukaingia kwetu, ukafika Tanzania. Wazee wanaukumbuka. Kila dawa iliyotegemewa ilifanya kazi kwa muda, kisha ikapoteza nguvu. Utafiti uliofanywa nchini mwetu na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha jambo la kuhuzunisha: bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa zote za antibiotiki za kumeza zilizokuwepo Burundi. Zote. Mganga alikuwa na mgonjwa mbele yake, alikuwa na kabati la dawa nyuma yake, na ndani ya kabati hilo hamkuwa na kidonge cha kumsaidia.

Watafiti hao waliuliza pia ni nani waliokuwa katika hatari zaidi. Miongoni mwao walikuwa watu wasionawa mikono kabla ya kuandaa chakula, na waliotumia kitambaa kujifuta baada ya kutoka chooni. Hili naliona kuwa na uzito kuliko hata habari ya dawa. Shigella anahitaji idadi ndogo sana ili kukuangusha: bakteria 10 hadi 100 wanatosha. Wanaenea kwenye ncha ya kidole, na nafasi inabaki.

Na tunajua pia raha ya dawa inayofanya kazi. Miaka michache baadaye, kati ya 1995 na 1997, taifasi inayoletwa na chawa ilienea katika nyanda zetu za juu zenye baridi, katikati ya vita na kambi za waliokimbia makazi yao. Wagonjwa zaidi ya 45,000 waliripotiwa. Dozi moja tu ya doksisaiklini, miligramu 200, ilitosha kumtibu mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa mkubwa, lakini dawa ilikuwa nzima. Hiyo ndiyo hali ninayotaka tuilinde.

Basi turudi kwenye sabuni. Sabuni hatuimezi, lakini kazi yake iko karibu sana na ya dawa zile mpya. Kila chembe ya sabuni ina ncha moja inayopenda mafuta na nyingine inayopenda maji. Ncha ya mafuta hujiingiza katika utando wa vijidudu vingi na kuuvuruga. Virusi wenye ganda la mafuta, kama wale wa mafua makali na wale wa mpox iliyotangazwa nchini Julai 2024, husambaratika. Shigella ni mgumu zaidi, kwa kuwa utando wake wa nje umejengwa kwa namna nyingine. Yeye sabuni inambandua kutoka kwenye mafuta ya ngozi, kisha maji yanamchukua. Ndiyo sababu tunasugua, hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa sekunde kama 20. Ndiyo sababu pia tunataka maji yanayotiririka, kwani katika beseni moja la kunawia watu sita, wa sita anapokea ya wote watano.

Lazima iwe sabuni ya bei kubwa, iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu? Hapana. Septemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa sokoni sabuni za kunawia zenye triklosani na kemikali nyingine 18, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida. Kipande cha kawaida, kile kinachotokana na mafuta ya mawese kama ya Rumonge na kinachouzwa kila soko, kinatosha. Na siku ambayo hakipo, jivu safi la jikoni linasaidia, ukilisugulia mikononi na kusuuza vizuri.

Mama na dada mnaoandaa maharage na ugali, kaka unayechoma mishikaki barabarani, mzee unayewakatia wageni nyama: nawaombeni tendo moja kabla ya kugusa chakula. Mikono, sabuni, maji yanayotiririka. Katika mitaa yetu ya Waswahili mjini Gitega na Muyinga, watu wanaotawadha mara tano kwa siku hawahitaji kufundishwa kuheshimu maji yanayotiririka. Desturi ipo tayari. Tuiongezee sabuni kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni.

Tuje sasa kwenye vidonge. Mtoto akiwa na mafua na kikohozi chepesi, mara nyingi aliye ndani ni virusi, na antibiotiki haimgusi virusi hata kidogo. Akiwa anahara maji tu, kinachomwokoa kwa kawaida ni maji ya ORS na vidonge vya zinki, pamoja na kuendelea kunyonya na kula. Akihara damu, usingoje: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka 5 wanatibiwa bure katika vituo vya umma nchini mwetu. Haki hiyo ni yako, itumie mapema. Ukisitasita, muulize umuremeshakiyago, mhudumu wa afya ya jamii wa kilimani kwako, kazi yake ndiyo hiyo.

Ukipewa dozi, itumie kama ulivyoandikiwa, kwa saa ulizoambiwa na kwa siku ulizoambiwa. Ukijisikia vibaya baada ya kumeza, rudi ukaulize badala ya kuacha kimya kimya. Na kidonge kile cha kabatini, usimpe jirani kwa huruma wala usikitupe chooni au mtoni. Kipeleke kituo cha afya au famasi uwaulize wakusaidieje. Najua inaumiza kuachana na kitu ulichokinunua kwa jasho. Lakini vidonge viwili au vitatu vilivyobaki mara nyingi havitoshi kumwua bakteria. Vinaweza kuwaondoa walio dhaifu na kuwaacha walio sugu wakizaana mwilini mwa mtoto uliyetaka kumsaidia.

Nanyi wafanyakazi wa famasi, naijua shida yenu. Mteja amesimama mbele yako na pesa mkononi, anataka antibiotiki kwa jina, na usipompa wewe ataipata kwingine. Je, unaweza kumwuliza maswali mawili kabla ya kugusa rafu? Ana homa tangu lini? Kuna damu? Wateja wetu ni wasikivu kuliko tunavyodhani. Wengi wanachotaka ni mtu wa kuwasikiliza, na neno lako lina uzito kwao.

Dereva wa lori unayepita Kobero kwenda Tanzania na kurudi, wewe hununua dawa upande huu na upande ule. Nunua palipo na kibali, soma tarehe ya mwisho, na usibebe dawa ya mwenzako kwa kuelezewa dalili tu. Bakteria sugu hawasimamishwi mpakani.

Wafugaji nao wana nafasi kubwa, tena kwa sababu inayohusu hasa dawa za utando. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba bakteria hawezi kujifunza kwa urahisi kuikwepa kolistini, kwa kuwa kubadilisha utando mzima ni kazi kubwa. Kisha Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa jini, ile chembe ya urithi, inayobadilisha chaji ya utando ili dawa isivutwe. Waliiita mcr-1. Bakteria hupeana jini hiyo wao kwa wao, hata bakteria wa aina tofauti. Kolistini ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo ili wanyama wanenepe haraka, na mwaka 2017 China ilikataza matumizi hayo. Kwa hiyo hata dawa ya kupasua ua inaweza kupoteza nguvu ikitumiwa ovyo.

Una kuku mia, mbuzi watano au ng'ombe mmoja wa maziwa? Kabla ya kuwapa antibiotiki mpigie daktari wa mifugo. Usiwachanganyie dawa za watu. Na ukishamtibu ng'ombe, muulize daktari ni siku ngapi usiuze maziwa yake, halafu mwambie hivyo mteja wako. Atakuamini zaidi, naye atarudi.

Mwaka 2019 pekee, duniani kote, watu wapatao milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria ambao dawa hazikuwaweza, na bara letu kusini mwa Sahara ndilo lililoumizwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Siwaambieni hayo ili muogope. Watu wa vilima hivi wamekwishavuka makubwa, na walivuka kwa kushikana mkono.

Walimu na wazazi, mimi ningependa tuanzie shuleni. Kila Jumamosi tunatoka kwenye kazi za pamoja na majembe yetu. Jumamosi ijayo, watu wachache wa kila mtaa wangeweza kubaki baada ya kazi wakaweka vibuyu chirizi kando ya vyoo vya shule. Haihitaji fedha nyingi: bidoni kuukuu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo, miti miwili yenye panda na mmoja wa kulala juu yake, kamba ya kuvutia kwa mguu ili mkono mchafu usiguse bidoni, na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kuning'inizwa kwa uzi. Chini yake mwageni changarawe, maji yasituame.

Wapeni wanafunzi wakubwa zamu ya kujaza maji asubuhi, na mzazi mmoja wa kila darasa alete sabuni ya mwezi. Wiki ya dunia ya kuhamasisha kuhusu usugu wa dawa ni tarehe 18 hadi 24 Novemba kila mwaka. Ikifika, mwalikeni muuguzi wa kituo chenu azungumze na watoto kuhusu utando wa bakteria, na chura, na sabuni, nao wakaongee na wazazi wao jioni. Kama shule ya mtaa wenu tayari ina vibuyu hivyo, nendeni mkawasaidie wa kilima cha jirani.